Nimemhubiria Mume Wangu, Akahamia Hotelini



Mama mmoja anayeuza viazi vitamu katika soko la Oyugis amenieleza shida yake, na kwa ruhusa yake nailete mbele yenu, maana naamini si yake peke yake. Jina lake halina haja. Yeye ni Mkatoliki tangu utoto. Mume wake alizaliwa katika familia ya Wasabato upande wa Kendu Bay. Walifunga ndoa katika Kanisa letu kwa idhini ya Askofu, na Mungu amewajalia watoto watatu, wote wamebatizwa. Mume hana ubaya. Halewi, hainui mkono, karo ya watoto anailipa kabla ya kuulizwa. Ila haendi kusali popote. Jumamosi mama yake humwita, Jumapili mke wake humwita, naye hubaki uani akitengeneza pikipiki ambayo haijaharibika.

Mwaka uliopita, Dominika ya Misioni, huyu mama alisikia mahubiri kwamba kila mbatizwa ametumwa. Maneno yakamchoma. Akasema moyoni, nitaanzaje kwa majirani na nyumbani kwangu kuna mtu mmoja ambaye hajafikiwa? Akaanza kazi. Picha za watakatifu zikajaa ukutani mpaka juu ya kitanda. Asubuhi nyimbo za kwaya zikapigwa kwa sauti ya kuamsha boma zima. Akamwalika Padre chakula cha mchana bila kumwambia mwenye nyumba. Mwishowe akaomba Jumuiya Ndogo isali kwake, na wakati wa maombi ya waamini, akina mama watano walimtaja mume wake kwa jina: Bwana amfungue macho, Bwana amtoe gizani, Bwana amvunje moyo mgumu. Mume alikuwa chumba cha pili. Akatoka kwa mlango wa nyuma. Tangu siku hiyo, kila Jumuiya ikikutana katika kijiji chao, hula chakula cha jioni katika hoteli ya mjini na kurudi saa nne usiku. Mkewe alipomuuliza sababu, alijibu neno moja tu: "Mmeniombea mbele ya majirani kama mlevi."

Sasa mama ananiuliza: Je, Bwana hakusema twende kwa mataifa yote? Mimi nimekosa wapi?

Dada yangu, hukukosa kutamani. Kutamani mumeo ale mkate ule ule unaokushibisha ni upendo, na ole wake Mkristo asiyetamani hivyo. Umekosa katika namna. Wala usione haya sana, kwa kuwa kosa hilo tumelifanya wengi, na mimi nitakuambia langu.

Lakini kwanza tuangalie mahali unapoishi. Oyugis iko kwenye barabara ya kutoka Kisumu kwenda Kisii. Ukiteremka upande wa ziwa unafika Gendia, karibu na Kendu Bay, ambako Wasabato walifungua misheni yao mwaka 1906. Ukipanda upande wa Kisii unafika Nyabururu, ambako wamisionari wetu wa Mill Hill walifungua misheni mwaka 1911. Basi mji wenu umekaa katikati ya mito miwili, na watoto wa mito yote miwili wamekuwa wakioana kwa muda mrefu. Mama mkwe wako hakuchagua Usabato ili kukuudhi wewe. Aliupokea kwa wazazi wake kama wewe ulivyopokea Rozari kwa wako. Kisha mkumbuke Legio Maria, iliyoanza huku huku Nyanza ya Kusini mwaka 1963 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Wengi walioifuata walikuwa Wakatoliki, watu wa Misa na Rozari. Walivutwa na maombi kwa ajili ya wagonjwa na kwa watu waliosumbuliwa na mapepo. Mimi nikifikiri juu ya historia hiyo siulizi walipotea vipi. Najiuliza ni wangapi kati yao waliugua majuma mengi bila Mkatoliki mwenzao hata mmoja kupiga hodi.

Sasa kosa langu. Zamani, mimi na mama watoto tukiwa bado vijana katika ndoa, tulikwenda matanga kwa wakwe. Shemeji yangu mmoja ni Msabato hodari, anaijua Biblia kama kiganja chake. Usiku, watu wameketi kuzunguka moto, tukaanza kubishana juu ya siku ya Bwana. Nilikuwa nimesoma kidogo, kwa hiyo nilikuwa nimejaa. Nikamtajia Matendo ya Mitume, nikamtajia Wakorintho, nikamtajia ufufuko siku ya kwanza ya juma. Watu wakacheka, wakanipigia makofi. Shemeji akanyamaza. Wakati wa kurudi, mke wangu hakusema nami mpaka tukafika nyumbani. Ndipo akaniambia kwamba mke wa shemeji alikuwa amemuuliza jioni ile ile, kwa siri, jinsi sisi tunavyowaombea marehemu, kwa sababu alikuwa amefiwa na mtoto. Baada ya kelele zangu hakuuliza tena. Hajauliza hadi leo. Nimemwomba shemeji msamaha na tunasalimiana vizuri, lakini lile swali la mama aliyefiwa lilipita mbele ya mlango wangu nami nilikuwa nikipigiwa makofi.

Wanandoa wapendwa, katika Maandiko mna mume na mke ambao napenda kila nyumba ya Kikristo iwajue: Akula na Priskila. Wasomeni katika Matendo ya Mitume, sura ya 18. Walikuwa washona mahema. Walifukuzwa Roma pamoja na Wayahudi wengine kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakahamia Korintho, na huko Paulo akakaa kwao akifanya kazi nao, kwa sababu ufundi wao ulikuwa mmoja. Baadaye wakaenda Efeso. Hapo akatokea mhubiri mmoja aitwaye Apolo, mtu wa Aleksandria, mwenye ulimi mtamu na mwenye kujua Maandiko. Lakini mafundisho yake yalikuwa na pengo. Alijua ubatizo wa Yohane peke yake.

Tazameni sasa walivyofanya. Walikuwa wameketi katika sinagogi wakimsikia. Priskila angeweza kusimama. Akula angeweza kumkatiza mbele ya watu, na wangeonekana hodari sana. Hawakufanya hivyo. Walimsikiliza mpaka mwisho, kisha wakamchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa utaratibu zaidi. Maandiko hayatuambii walikula nini, lakini mimi sidhani walianza kabla ya kumpa mgeni maji ya kunawa. Na Apolo hakuaibika. Aliendelea kuhubiri, tena vizuri zaidi, na hao waamini wa Efeso wakamwandikia barua ya kumtambulisha huko Akaya. Jambo jingine ambalo sitaki mlipite upesi: walifanya kazi hiyo wawili. Mwandishi hasemi Priskila alifundisha huku Akula yuko hotelini, wala Akula alifundisha huku Priskila anafunga mlango wa jikoni. Paulo akiwataja katika Waraka kwa Warumi, sura ya 16, anataja pia kanisa linalokutana nyumbani mwao. Nyumba moja ya washona mahema, na ndani yake kanisa.

Huenda utasema, mimi sina Akula wangu. Mume wangu ndiye Apolo. Ni kweli, na Mtume Petro amekufikiria wewe hasa. Katika waraka wake wa kwanza, sura ya tatu, anawaeleza wake ambao waume zao hawajalipokea neno kwamba mume anaweza kuvutwa bila neno, kwa kuyaona tu maisha ya mkewe. Bila neno! Petro, mvuvi ambaye ulimi wake ulimponza mara nyingi, ndiye anayetufundisha kunyamaza. Tena katika sura hiyo hiyo anasema tuwe tayari daima kumjibu anayetuuliza sababu ya matumaini yetu, lakini kwa upole na heshima. Maana yake ni kwamba kwanza mtu aulize. Na mtu huuliza akiona kitu ambacho hakielewi. Mumeo hawezi kukuuliza kitu wakati unamjibu tangu alfajiri mpaka usiku.

Hapa niseme jambo pembeni, ili nisije nikaeleweka vibaya. Ukimya huu wa Petro si ukimya wa mke anayepigwa. Mke anayeumizwa na aseme, aende kwa wazee, kwa Padre, na kwa serikali ikibidi. Mimi nazungumza juu ya nyumba kama ya huyu mama, yenye amani iliyoharibiwa na bidii.

Na ukimya huu si kuificha imani. Ulipofunga ndoa na mtu wa Kanisa jingine ulitoa ahadi. Kanuni ya 1125 ya Sheria za Kanisa inamtaka Mkatoliki atangaze kwamba yuko tayari kuepa hatari za kuiacha imani, na kuahidi kwa moyo mnyofu kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki. Mwenzake hujulishwa ahadi hiyo ili asishtukie mambo baadaye. Lakini someni vizuri: ni wewe uliyeahidi. Mumeo hakuahidi kuwa Mkatoliki, na Kanisa halikumdai. Basi nenda Misa bila kukosa, hata mvua ikinyesha. Wafundishe watoto Ishara ya Msalaba na katekisimu. Sali Rozari yako. Picha moja ya Moyo Mtakatifu sebuleni inatosha; zile za juu ya kitanda ziondoe, na umwambie ni kwa nini umeziondoa.

Baba Mtakatifu Paulo wa Sita, katika barua yake ya mwaka 1975 juu ya kutangaza Injili, alieleza kwamba watu wa nyakati zetu huvutwa na yule anayeliishi neno kabla ya kuvutwa na anayelisema. Katika barua hiyo hiyo alifundisha kwamba ndani ya familia wazazi huwapa watoto Injili, nao huipokea pia kutoka kwa watoto. Wala hakuzisahau nyumba kama yako, ambamo mume na mke ni wa madhehebu mawili. Alizikumbusha kwamba ubatizo walioupokea wote wawili ni msingi wa kumtangaza Kristo kwa watoto wao. Kwa hiyo mumeo, kama alibatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, si mtu wa giza. Ni ndugu yako katika Kristo kabla ya kuwa mume wako. Zile sala za akina mama watano zilikuwa na nia njema, lakini zilikosea hata katika mafundisho.

Nimetaja Akula na Priskila, na mtu atasema hao ni wa zamani na wa mbali. Haya, vukeni ziwa tu. Mwezi wa Novemba 1882 mapadre wamisionari waliondoka Buganda kwa sababu ya hatari, wakarudi Julai 1885. Karibu miaka mitatu hapakuwa na Padre, hapakuwa na Misa wala kitubio. Mngetarajia waporudi wakute majivu. Walikuta moto, kwa maana watu waliobatizwa au waliokuwa wakisoma dini walikuwa wamefundishana nyumba kwa nyumba. Mmoja wao alikuwa Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, mtu mwenye mke na nyumba, na nyumba hiyo ilikuwa darasa la dini. Aliuawa tarehe 26 Mei 1886. Tunamwadhimisha kila tarehe 3 Juni pamoja na wenzake, waliotangazwa watakatifu mwaka 1964, lakini tunamkumbuka kwa kifo chake tu. Mimi napenda pia kuikumbuka ile miaka ya mkeka na mlango ulio wazi.

Sasa niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu huku kwetu. Ilikuwa miaka ya 1990, wakati ukimwi ulipokuwa ukipita Nyanza ya Kusini boma kwa boma, miaka mingi kabla ya dawa za kupunguza makali kuwafikia watu wa kawaida. Serikali yenyewe ilitangaza kuwa ni janga la taifa mwishoni mwa mwaka 1999 tu. Mnakumbuka hofu ya siku zile: kikombe cha mgonjwa kilitengwa, kigoda chake hakikaliwi, watu wakimsalimia wakiwa wamesimama mlangoni. Mume na mke fulani, Wakatoliki wa kawaida kabisa, hata si viongozi wa Jumuiya, waliletewa mdogo wake mume kutoka mjini akiwa amekonda. Wakamweka katika simba yake. Mke alimpikia uji, mume alimwosha. Naam, mume. Katika boma letu jambo hilo lilizungumzwa kuliko ugonjwa wenyewe, mwanamume kumwosha mgonjwa na kufua shuka zake. Jioni walikwenda wote wawili kwenye simba, wakasali Baba Yetu na Salamu Maria pamoja naye, kwa Kijaluo, si zaidi ya dakika tano, kwa maana alikuwa akichoka.

Alipofariki, akaacha mjane kijana. Wazee wakaanza maneno ya kumpatia mtu wa kumrithi haraka, kama desturi inavyodai. Mume na mke wale wakasimama upande wa mjane, wakasema mama huyu ataamua mwenyewe, na asipotaka, nyumba yake itajengwa na shamba lake litalimwa. Walitukanwa. Waliambiwa wanaleta chira juu ya boma. Wakajenga ile nyumba. Mjane bado yu hai, watoto wake wamesoma.

Siwezi kuwaambia kwamba kijiji kizima kiliongoka, hakikuongoka. Ila jirani mmoja, mzee wa kanisa jingine, alimwendea yule mume akamuuliza, ninyi mlifundishwa wapi kuosha watu? Ndilo swali ambalo Petro alikuwa akilisubiri. Yule mume hakuwa msomaji. Alijibu kwamba kila mwaka, Alhamisi Kuu, huona Padre akiwaosha watu miguu, akadhani ni jambo la kufanywa. Mzee yule alibaki katika kanisa lake, lakini alianza naye kuwatembelea wagonjwa, na binti yake mmoja baadaye aliomba kuingia ukatekumeni.

Hapa nataka kuwageukia akina baba, maana mmesoma ukurasa huu kwa starehe mkidhani nazungumza na mama wa viazi tu. Nendeni kwenye Jumuiya yoyote, hesabuni viti. Akina mama kumi na wanne, watoto, na mzee mmoja ambaye ni mwenyekiti. Ninyi mnasema, mama ataniwakilisha. Je, mezani pia mama hukuwakilisha? Bwana aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili, na ninyi Mungu amekwisha kuwafanya wawili tangu siku ya ndoa. Hamna haja ya kutafutiwa mwenza wa safari. Kuna vijana katika mtaa wako wanaoishi pamoja miaka sita bila kubariki ndoa, kwa kuogopa gharama ya arusi na maneno ya mahari. Hawatamsikiliza mkeo peke yake juu ya jambo hilo. Wangekusikiliza wewe, ukiketi na huyo kijana ukamweleza jinsi ulivyofunga ndoa kwa suruali ya kuazima na soda kreti mbili. Na kama ninyi wawili hamjawahi kusali pamoja chumbani, anzeni leo, sala moja fupi, kabla ya kwenda kumfundisha mtu mwingine. Mtaona aibu siku tatu za kwanza. Mimi niliona.

Narudi kwako, dada yangu wa Oyugis. Kwanza mwombe mumeo msamaha kwa sababu ya ile jioni. Usimweleze nia yako ilikuwa nini. Mwambie tu kwamba ulimwaibisha na kwamba umejuta. Kisha waambie akina mama wa Jumuiya, ili nao wajue kwamba jina la mtu si la kutangazwa katika maombi bila yeye kujua. Wakija tena kwako, mjulishe siku mbili mbele, na wakifika yeye ndiye awakaribishe akitaka, kwa sababu ni kwake. Akitaka kukaa uani na pikipiki yake, apelekewe chai yake kwanza, kabla ya mwenyekiti.

Halafu kuna mama mkwe wako. Umeniambia kwamba mnaogopana, na kwamba Jumamosi hufiki kwake ili asije akakuita kanisani. Unajua vizuri kuliko mimi kwamba Sabato yao huanza Ijumaa jua linapotua, na kwamba kabla ya hapo maji yawe yamechotwa, kuni zimeingizwa, na chakula cha kesho kimepikwa. Naye sasa ni mzee, na kisima kiko mbali. Soko lako huisha mapema Ijumaa. Chukua binti yako mkubwa, nendeni na mitungi miwili kwa nyanya yake. Mkiwa na samaki wa kumpikia, mpelekeeni ngege. Mumi msimpelekee, hamli. Mumeo akiuliza mlikuwa wapi mpaka magharibi, mwambie mlikuwa kwa mama, mkichota maji ya Sabato.